Nyota ya Pembe Sita na Nyoka ya Shaba

Somo: 2 Wafalme 18:1–7. Someni tena Hesabu 21:4–9 na Yoshua 22.



Habari za mfalme Hezekia mnazijua. Alipoupata ufalme akiwa na miaka 25, alipabomoa mahali palipoinuka pa kufanyia ibada za mataifa, akazivunja nguzo zao za mawe, akaikata Ashera. Hayo hayatushangazi, kwa kuwa vitu vile vilikuwa vya miungu mingine tangu mwanzo wake. Lakini liko tendo la nne, nalo humsimamisha msomaji. Hezekia aliitwaa na ile nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa kule jangwani, wala si kwa shauri lake Musa, bali kwa amri ya Mungu, akaipondaponda. Kwani Waisraeli walikuwa wakiifukizia uvumba hata siku zile.

Yafikirini hayo. Kitu kile hakikutoka kwa waganga. Watu walioumwa na nyoka walikitazama wakapona. Kilitunzwa zaidi ya miaka mia tano, baba akimwonyesha mwanawe. Na Bwana wetu, aliposema na Nikodemo usiku ule, aliitwaa nyoka ile kuwa mfano wa kuinuliwa kwake msalabani (Yohana 3:14). Lakini Hezekia aliivunja, na Maandiko humsifu kwa ajili ya hayo. Alama ilikuwa ile ile, shaba ilikuwa ile ile; iliyogeuka ni mioyo ya watu walioitazama.

Nimeanza na habari hii kwa sababu nimeletewa swali na walimu wawili, kila mmoja kwa barua yake, kama ni halali nyota ya pembe sita kuonekana katika nyumba ya Mungu. Mmoja ameiona juu ya kitambaa cha mimbara kilicholetwa kuwa zawadi. Mwingine asema vijana wake wameichora ukutani karibu na msalaba, na wazee wamekasirika. Kama wangeniuliza miaka kumi na tano iliyopita, ningaliwajibu kwa maneno mawili. Sasa nitawajibu kwa maneno mengi, na sababu yake ni kosa langu mwenyewe, ambalo sina budi kulisimulia kwanza.

Nilipokuwa mchungaji kijana nilipewa usharika mdogo uliokuwa ukijenga kanisa. Fundi wa chuma wa mahali pale, Mkristo, mkubwa wangu kwa miaka mingi, alijitolea kutengeneza vyuma vya madirisha bila ujira. Dirisha la upande wa madhabahu alilitia nyota kubwa ya pembe sita katikati ya duara. Siku ya kulitia, wazee wakagawanyika. Wa kwanza akasema, "Hii ni alama ya Wayahudi waliomkataa Bwana." Wa pili akasema, "Sivyo, hii naijua. Ni ya wale waandikao hirizi. Niliiona karatasini kwa mganga kabla sijabatizwa." Wa tatu akasema kuwa ni nyota ya Mamajusi, mbona wanaisumbua. Ndipo wakaniuliza mimi. Mimi nilikuwa nimetoka seminari karibuni, nikaona haya kusema kwamba sijui. Nikaamuru ikatwe. Fundi alikuwa amesimama pale pale, nyundo mkononi, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mzee, wewe uliweka nini?" Aliikata mwenyewe. Akatia nondo zilizonyoka, akakusanya vyombo vyake, akaenda zake. Na tangu siku ile hakuonekana mezani pa Bwana muda wa miaka miwili.

Nitarudi kwake. Kwanza tuitazame nyota yenyewe.

Twaa bikari, ukapige duara. Usiibadili nafasi ya miguu yake, ukaweke ncha juu ya mstari wa duara, ukapime, ukaendelee kuzunguka. Utakuta nafasi ile imeingia mara sita kamili, nawe umerudi pale pale ulipoanza, pasipo kuzidi wala kupungua. Ukiziunga alama hizo sita kwa kuruka moja moja, utapata pembetatu mbili zilizolala moja juu ya nyingine, moja imeelekea juu, moja imeelekea chini. Ndiyo nyota yetu. Kila seremala, kila mwashi, kila mfua chuma aliyeshika bikari ameweza kuivumbua bila kufundishwa na mtu. Mungu ameliumba duara hivyo. Basi mtu asistaajabu akiikuta kwa mataifa yaliyo mbali mbali, wala asiseme upesi ya kuwa wote wameipokea kwa shetani mmoja. Wala asiseme, kama wasemavyo wengine siku hizi, ya kuwa dini zote ni moja kwa kuwa alama ni moja. Herufi a inaanza neno amani, nayo inaanza neno adui.

Wahindu huiita shatkona, ndiyo kusema pembe sita. Kwao pembetatu ielekeayo juu ni Shiva, na ielekeayo chini ni Shakti, nguvu ya kike. Na kupandana kwake ni kuungana kwao, ambako ulimwengu hutoka. Katika mji wa Delhi liko kaburi la Humayun, mfalme Mwislamu, lililojengwa karne ya 16. Kutani mwake nyota za pembe sita zimetiwa juu ya matao, wala hapana Myahudi aliyeziweka. Katika Moroko sarafu za shaba za karne ya 19 zilipigwa chapa ya nyota hiyo hiyo. Hata Wakristo wa Ulaya wameitumia madirishani, wakizihesabu pembe zake kuwa siku sita za kuumba.

Wachina nao wana michoro yao ya sita, lakini si nyota, bali mistari sita iliyopangwa toka chini kwenda juu, mwingine mzima na mwingine umekatika katikati. Kwa kuigeuza geuza hupatikana michoro 64, nayo yote imo katika kitabu chao cha kale kiitwacho Yi Jing. Wengi walikitumia kwa kuagulia, na wenye hekima wao walikisoma wapate mafundisho ya mwenendo mwema. Mwaka 1701 padre Mjesuti aliyekaa Uchina, Joachim Bouvet, alimpelekea Leibniz, mwanafalsafa Mlutheri wa Hannover, picha ya michoro ile. Leibniz akaona ndani yake hesabu: mstari mzima ni moja, mstari uliokatika ni sifuri, na mwaka 1703 akaitangaza hesabu yake ya tarakimu mbili tu, ambayo leo ndiyo itumiwayo ndani ya mashine za kompyuta. Mwaguzi aliona bahati ya mtu, na yule aliona hesabu, katika karatasi moja. Ndugu zetu wa pwani wataelewa upesi, maana ramli yao ni ya namna hiyo: safu nne za nukta, kila safu moja au mbili, hutoa michoro 16, wala haiwezi kuzidi, kwa kuwa ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Mpiga ramli hafichi siri ya mbinguni. Afichacho ni hesabu ambayo watoto wetu wa shule huifanya kabla ya saa ya mapumziko.

Na Wayahudi je? Wengi hudhani ya kuwa Daudi aliibeba nyota hii juu ya ngao yake, kwa kuwa huitwa Ngao ya Daudi. Someni vitabu vya Samweli na vya Wafalme na Zaburi zote, hamtaiona. Alama yao ya kale ilikuwa kinara cha taa chenye matawi saba kama kilivyoagizwa katika Kutoka 25, nacho ndicho kilichochongwa juu ya tao la Tito mjini Roma, baada ya Yerusalemu kuharibiwa mwaka 70. Nyota ilikuwapo, lakini kama pambo. Katika magofu ya sinagogi ya Kafarnaumu, iliyojengwa karne kadha wa kadha baada ya Bwana, imechongwa jiweni pamoja na nyota ya pembe tano, kama mtu apambavyo mlango. Mwaka 1354 Kaisari Karl IV aliwaruhusu Wayahudi wa Prague kuwa na bendera yao, nao wakaitia nyota ile. Mwaka 1656 mjini Vienna liliwekwa jiwe la mpaka kati ya mtaa wa Wakristo na mtaa wa Wayahudi, nalo likachongwa msalaba na nyota ya pembe sita. Karne ya 19 wakaitia juu ya masinagogi yao kwa wingi, wapate alama ya kusimama mbele ya msalaba wa Wakristo. Mwaka 1897, walipokutana Basel kushauriana habari ya nchi yao, wakaichukua. Na mwaka 1948 ikawekwa juu ya bendera ya Israeli. Basi ni alama yao kweli, lakini hawakuzaliwa nayo.

Mzee wetu wa pili naye hakusema uongo. Waarabu na Wayahudi wamesimulia tangu kale ya kuwa Sulemani alikuwa na pete yenye jina la Mungu, naye kwa pete ile aliwatawala majini. Korani yasema ya kuwa Sulemani alipewa upepo na majini wamtumikie. Habari ya pete imetoka katika masimulizi. Wakiuliza muhuri wa pete ulikuwaje, wengine hujibu kuwa ni nyota ya pembe sita, wengine ya pembe tano. Toka hapo ikaingia katika vitabu vya falaki na talasimu, na toka vitabuni ikaingia katika karatasi zikunjwazo na kushonwa ndani ya ngozi. Nasema haya pasipo kuwadharau jirani zetu Waislamu, maana wako masheikh wakatazao hirizi kwa ukali kuliko wachungaji wengi wa kwetu.

Hapo ndipo penye hatari, wala si dirishani. Mama mmoja alimleta mwanawe abatizwe. Nilipomvua kofia na nguo ya shingoni ili nimtie maji, niliona uzi mweusi, na kifuko cha ngozi kimening'inia. Mama akainama. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla ya huyu. Baada ya ibada tulikaa pamoja na mumewe, nami nikakifungua kifuko mbele yao: karatasi, nyota ya pembe sita, herufi zilizorudiwa rudiwa, jina la mtoto. Yule mama akaniambia kwa unyofu, "Baba mchungaji, nakubali kuitupa. Lakini nipe basi msalaba mdogo nimfunge mahali pake."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma kuliko hirizi. Hirizi nilijua namna ya kuikemea. Lakini huyu alikuwa akiniomba alama ya kwetu, ifanye kazi ile ile, kwa uzi ule ule. Kama ningalimpa, ningalikuwa mganga wa pili, na msalaba wa Bwana ungalikuwa Nehushtani shingoni mwa mtoto. Tena nikakumbuka ni wangapi katika sharika zetu walio na msalaba juu ya kitanda, nao usiku hawaombi; walio na Biblia chini ya mto wa mtoto mgonjwa, nao hawaifungui; wasiotoka safarini pasipo rozari ya kuazima au picha ya Bwana ndani ya gari, nao huendesha kama watu wasio na Mungu. Sisi tumezoea kuitafuta nyoka ya shaba katika nyumba za wengine.

Sikumpa. Nilimwambia kwamba mtoto wake amekwisha kupewa alama isiyoonekana, alipotiwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Na maji yale yasingekuwa kitu kama Neno la Mungu lisingekuwamo. Hilo ndilo tunalowafundisha watoto katika Katekismo, nasi wakubwa tunalisahau tukiwa na hofu. Mungu hatukatazi alama. Yeye mwenyewe ametupa maji, mkate na divai. Lakini alama zake hazikai kimya; huja pamoja na ahadi iliyosemwa, nayo imani huishika ahadi. Hirizi haisemi neno. Hukunjwa isisomwe. Lakini nilimwambia pia, na hili walimu msiliache, ampeleke mtoto zahanati kupimwa na kuchanjwa kila mwezi ulioagizwa, na ya kuwa mke wangu atakwenda naye. Kumnyang'anya mama hirizi na kumwacha peke yake na hofu yake si kazi ya Injili.

Dr. Luther hakuichukia alama. Alikuwa na muhuri wake, ambao wengi wenu mmeuona juu ya vitabu vya kanisa. Katika barua aliyomwandikia Lazarus Spengler tarehe 8 Julai 1530 alieleza kila kipande chake: msalaba mweusi ndani ya moyo, kwa kuwa imani katika Yule aliyesulibiwa ndiyo ituokoayo, moyo wenye rangi yake ya asili, kwa kuwa msalaba haumwui mtu bali humhuisha, waridi jeupe, kwa furaha na amani, uwanja wa rangi ya mbingu, kwa tumaini la mambo yajayo, na pete ya dhahabu isiyo na mwisho. Aliyeuvaa muhuri ule angeweza kuueleza kwa maneno, kipande kwa kipande. Mwulizeni mwenye hirizi akueleze yake.

Sasa nafika penye neno zito. Alama yaweza kuharibiwa na mtu aivaaye, lakini yaweza pia kutwaliwa na mtu mwingine akamvika jirani yake kwa nguvu.

Tarehe 1 Septemba 1941 serikali ya Hitler ilitoa amri ya kuwa, kuanzia tarehe 19 ya mwezi ule, kila Myahudi wa Ujerumani aliyetimiza miaka sita asionekane mbele za watu pasipo nyota ya pembe sita ya kitambaa cha manjano, kubwa kama kiganja, iliyoshonwa upande wa kushoto wa kifua, na neno "Myahudi" limeandikwa katikati. Katika Poland waliyoiteka walikuwa wameanza tangu 1939. Wenyewe walibeba bendera ya swastika, alama ambayo Wahindu na Wabudha wameitumia tangu zamani sana; Mhindu wa dukani huichora juu ya daftari lake jipya siku za Diwali akiomba heri, naye hana neno na Hitler. Ndivyo alama mbili, zisizo na hatia katika kuzaliwa kwake, zilivyowekwa moja juu ya mkono wa mwuaji na moja juu ya kifua cha aliyeuawa. Wayahudi wapatao milioni sita walikufa.

Lakini sikilizeni habari ya kanisa. Serikali ile haikuuliza mtu anaamini nini. Ilihesabu babu na bibi. Kwa hiyo nyota ilishonwa na juu ya vifua vya Wakristo waliobatizwa, waliozaliwa na Wayahudi, watu waliokiri imani ile ile tuikiriyo. Jumapili ilipofika, nao walikuja kanisani wakiwa na nyota. Tarehe 17 Desemba 1941, siku nane kabla ya Krismasi, viongozi wa makanisa saba ya Kiinjili ya Ujerumani walitangaza ya kuwa ubatizo haumbadili Myahudi katika asili yake, na ya kuwa Wakristo wa asili ya Kiyahudi hawana mahali wala haki katika makanisa yao. Moja la makanisa yale saba lilikuwa la Sachsen, nchi ya mji wa Leipzig. Na Leipzig ndipo walipotumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Siandiki haya ili kuwashutumu wazee waliotuletea Injili, ambao wengi wao walilala makaburini zamani. Naandika kwa kuwa sisi ni watoto wa nyumba ile, na mtoto hurithi shamba pamoja na deni. Tena deni ni la zamani kuliko Hitler. Mwaka 1543 Luther mwenyewe, katika uzee wake, aliandika kitabu kibaya juu ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni liliyakataa maneno yale katika mkutano wake wa Budapest, mwaka 1984. Ni vema walimu wajue, wasije wakasikia kwanza kwa wadhihaki.

Bwana wetu kwa jinsi ya mwili ni Myahudi, mwana wa Mariamu, Myahudi. Kama angalikaa Leipzig mwaka ule, angalishonewa nyota. Na angalipofika mlangoni pa kanisa linaloitwa kwa jina lake, angalirudishwa. Wale watu hawakuondoa alama ya nje tu katika kanisa. Waliuhesabu ubatizo, alama aliyoiweka Kristo, kuwa kitu dhaifu kuliko kitambaa alichokiweka Hitler.

Palikuwa na mmoja aliyesema kwa wakati wake. Bibi Katharina Staritz, mwanamke aliyesoma theologia na kutumika kanisani katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika Poland, aliandika barua kwa wachungaji wa mji ule mwezi ule ule wa Septemba, kabla amri haijaanza kutumika. Aliwakumbusha ya kuwa wabatizwa hao wana haki ile ile ya kukaa katika nyumba ya Mungu kama wengine, tena wanahitaji zaidi faraja ya Neno. Akashauri watu wa kanisa wakae karibu nao, hata wawaendee nyumbani na kuja nao ibadani. Hakuitia theologia ndefu. Alizungumza habari ya nani atakaa benchi gani. Kwa ajili ya barua ile aliondolewa kazini na kanisa lake mwenyewe, na mwaka 1942 akakamatwa, akapelekwa katika kambi ya Ravensbrück, akakaa huko hata 1943. Alifariki mwaka 1953.

Gershom Scholem, mwalimu mkubwa wa Wayahudi aliyechunguza habari za nyota hii kuliko watu wengi, alihukumu ya kuwa zamani haikuwa na utakatifu mkubwa kwao, wala bendera peke yake isingaliupa. Bali ilipokwenda pamoja na watu wao hata mautini ndipo ilipopata heshima iliyo nayo. Mimi Mkristo nikiyasoma hayo sina budi kukumbuka ya kuwa msalaba nao, kabla haujawa pambo la shingoni, ulikuwa mti wa kuwatundikia watumwa, na ya kuwa waliouona kwa macho hawakutamani kuuchora.

Basi mkimwona mtu ana nyota hii, msiwe na haraka. Someni Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani walijenga madhabahu kubwa ya kutazamwa, na Israeli wengine waliposikia walikusanyika Shilo tayari kwa vita, wakidhani ndugu zao wamemwacha Bwana. Lakini kabla ya vita walimtuma Finehasi na wakuu kumi waende kuuliza. Wakauliza, tena kwa ukali. Wakajibiwa ya kuwa madhabahu ile si ya kutolea dhabihu. Ni shahidi tu, ili watoto wa huku na wa huko wajue kuwa wanaye Mungu mmoja. Finehasi akaridhika, nao wakarudi nyumbani hai wote. Mimi katika dirisha lile nilikuwa jeshi la Shilo, wala sikumtuma Finehasi.

Kwa hiyo wewe mwalimu wa kwanza, mwendee aliyekitoa kitambaa, umwulize. Akikujibu ya kuwa amekinunua kwa uzuri wake, hapana neno. Akikujibu ya kuwa kinalinda mimbara isipate wachawi, kitoe, ukafundishe. Na wewe wa pili, uwaulize vijana wako. Nahofia umewasikiliza wazee tu. Kama wameichora kwa kupenda mambo ya Biblia, waambie habari zake zote, na ya mwaka 1941 usiiache. Kama wameichora kwa kuwa wamesikia kwamba taifa fulani la leo halikosi kamwe, au kwamba watu fulani hawafai kamwe, hapo pana kazi kubwa kuliko kupaka chokaa.

Yule fundi, katika mwaka wa pili, alishikwa na homa, nami nikaenda kumtazama. Tulikaa kimya kitambo. Ndipo nikamwuliza neno nililopaswa kumwuliza siku ile, "Mzee, ile nyota uliiweka kwa maana gani?" Akanyosha mkono chini ya kitanda, akatoa bikari ya chuma, kuukuu, aliyoitengeneza mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Akanionyesha sakafuni, mara sita, hata ncha ikarudi mahali pake. Akasema, "Mchungaji, katika kazi yangu yote hakuna kipimo kingine kisichobaki hata unyweleo. Nilidhani cha Mungu kisiwe na kosa." Hakuwa amewahi kusikia habari za Wayahudi wala za Sulemani.

Nikamwomba radhi, mbele ya mkewe na wanawe. Jumapili ya pili baada ya kupona alikuja, akapiga magoti mezani pa Bwana mwisho wa mstari, upande wa dirisha. Nilimwambia baada ya ibada ya kuwa wazee wamekubali nyota irudishwe kwa gharama ya usharika. Akalitazama dirisha muda, akatikisa kichwa. "Iache," akasema. "Nondo zile zilizonyoka nazo nilizipima."